Tenga la Mjomba Onesphory

"Mjomba, hilo tenga linajuaje kwamba aliyeingia ndani ni mgeni wake, siyo mwingine tu aliyepita njia?"

Nilimuuliza hivyo mwishoni mwa mwaka 2004, nikiwa darasa la nne, nimesimama mlangoni mwa maabara ya shule ya sekondari aliyokuwa akifanya kazi, nje kidogo ya Katesh. Mjomba Onesphory alikuwa ameinama kwenye sinki, anaosha testi tyubu kwa brashi iliyobakiwa na nywele tatu. Hakugeuka.

"Linajua kuliko mama yako," alisema. "Na mama yako ndiye mwenye akili kwenye ukoo wetu. Sasa kapige hesabu wewe umebakiwa na kiasi gani."

Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yake kwa watoto. Kwa watu wazima alikuwa mbaya zaidi.

Tenga lenyewe lilikuwa linaning'inia darini kwa uzi wa kushonea magunia. Alilifinyanga mwenyewe: madonge kumi na mawili ya udongo mwekundu, yameunganishwa kwa vijiti, yamezunguka kipande kimoja cha sabuni ya bluu kilichokaa katikati. Ukilitazama haraka ungedhani ni tenga la kuku, lile la kubebea majogoo kwenda mnadani, ila hili lilikuwa la mviringo na halikuwa na mlango. Wanafunzi waliliita kichwa cha Onesphory. Yeye alisema kila donge ni chembe ya metali inayoitwa molibdeni, na kila chembe imejivika oksijeni zake. Ndani ya tindikali chembe hizo zinazurura ovyo kama vijana wa stendi, mpaka apite mgeni anayeitwa fosfeti. Akipita, kumi na mbili zote zinamzunguka, zinashikana mikono, zinamfungia ndani. Hapo ndipo maji yaliyokuwa maangavu yanageuka njano, na njano hiyo inashuka chini kama unga.

Nilikuwa na miaka kumi. Sikuwahi kusikia kitu kizuri kama hicho, na sikuelewa kwa nini watu wote niliowajua walikuwa wanaishi kana kwamba hakipo.

Mjomba alizaliwa kijiji cha Daudi, juu kule Mbulu kwenye baridi, mtoto wa kwanza, mama yangu Marieta akiwa wa mwisho. Alisoma mpaka darasa la saba, basi. Babu alitaka abaki kulima vitunguu saumu. Yeye akashuka Hanang kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali, akapewa kazi ya kubeba mifuko ya udongo kuingiza maabara na kuitoa maabara. Baadaye wakamwongezea kuosha vyombo. Kwa miaka mingi alisimama nyuma ya wataalamu na kitambaa mkononi, na wataalamu walidhani anasubiri vyombo vichafuke. Alikuwa anasoma. Mmoja wao ndiye aliyemchorea lile tenga kwenye karatasi ya kufungia sampuli, kisha akaitupa karatasi. Mjomba aliiokota.

Lilipokuja soko huria, mashamba yakaanza kuuzwa na watu wakapunguzwa kazi. Wengine waliondoka na mabati, wengine na matairi ya trekta. Yeye aliomba sanduku la chupa ambazo hakuna aliyezitaka, akaandikiwa barua ya ruhusa, na barua hiyo aliitunza kuliko cheti cha ubatizo. Ndani ya sanduku kulikuwa na chupa ya kahawia ya molibdeti, dawa yenye ile molibdeni ya tenga. Hiyo ndiyo mirathi aliyotoka nayo.

Shuleni walimwajiri kama mhudumu wa maabara. Walimu wa kemia walikuja na kuondoka, na yeye aliwadharau wote kwa zamu. "Huyu amekariri," alikuwa anasema mwalimu mpya akishapita. "Ukimpasua kichwa yatatoka madaftari ya chuo, tena hayajafunguliwa." Wao walimwita Mzee wa Sinki. Sijui nani alikuwa na haki zaidi. Mimi nilikuwa upande wa mjomba, kwa sababu matusi yake yalikuwa yametengenezwa vizuri.

Sasa kuhusu mbolea. Zamani, mama anasema, mbolea ililetwa na chama cha ushirika. Ilichelewa, lakini ilikuwa mbolea. Soko huria lilipofika, kila mtu akawa muuza mbolea: mwenye duka la nguo, mwenye kuchaji simu, hadi fundi viatu. Mifuko mipya ikaja na picha ya hindi lenye meno meupe kuliko mkazi yeyote wa Hanang, maana sisi maji yanatupaka meno kahawia tangu utotoni. Na watu wetu, watu wazima wenye ndevu, walichagua mfuko kwa kutazama picha. Niliwahi kumwona mzee mmoja analinganisha mifuko miwili kwa kuipiga makofi kama ng'ombe, halafu akachukua ule uliotoa mlio mzito.

Mjomba alianza na duka la Abdillah, Katesh. Hiyo ilikuwa 2003, siku chache kabla ya kupanda. Alikwenda na sanduku lake, taa ya spiriti, na watu kama ishirini waliomfuata kwa kuwa hawakuwa na kazi. Mimi nilikuwa nimeshika gauni la mama.

Kwanza alichukua jivu la mfupa wa ng'ombe, kwa kuwa mifupa imejaa fosfeti. Akaliyeyusha kwenye tindikali na maji ya betri, yale maji safi yasiyo na kitu ndani, akapasha moto, akadondosha molibdeti. Njano ikaja, nzito, ikashuka chini ya testi tyubu kama unga wa dengu. Mwantumu, mke wa Abdillah, aliinama pale kaunta akatazama mpaka pua yake ikakaribia kuungua.

Halafu mjomba akachukua mbolea ya kupandia, ambayo nayo lazima iwe na fosfeti, kwenye mfuko wa Abdillah, akafanya vilevile. Maji yakabaki maangavu. Tukasubiri. Maangavu.

"Tenga limekosa mgeni," mjomba akatangaza. "Abdillah, unawauzia watu chokaa."

Abdillah alitazama testi tyubu muda mrefu. "Mzee Onesphory, na mimi nimeuziwa vilevile. Ungeniita pembeni ukaniambia. Umenivua nguo mbele ya wateja wangu."

"Ungezifunga vizuri zisingevuliwa na matone matatu."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Abdillah alirudisha mifuko yote alikoitoa, na waliokwisha kununua aliwarudishia kilicho chao, mmoja mmoja. Sehemu hiyo hakuna anayeikumbuka. Watu wetu wanachokumbuka ni kicheko.

Baada ya hapo mjomba akawa mtu mkubwa. Walimletea mbolea, chumvi ya ng'ombe, hadi unga wa mganga uliofungwa kwenye gazeti. Alipima, akawatukana, wakarudi makwao wamefurahi. "Wewe na mbuzi wako mnatofautiana nini?" alimuuliza mzee mmoja wa Hirbadaw. "Mbuzi ananusa kwanza kabla ya kula." Mzee yule alikwenda kulisimulia tusi hilo kama zawadi.

Mwaka uliofuata ndipo alipokuja Renatus. Renatus alikuwa mtoto wa katekista, mwanamume wa kuvaa miwani ya jua hata ndani ya kanisa, ambaye alikaa Arusha miaka miwili akarudi na lori la Kanta na Kiswahili cha redioni. Lori lilijaa mbolea ya kupandia. Alikuja kwenye kijiji chetu, upande wa Gehandu, akasimama juu ya bodi ya lori akasema, "Ndugu wananchi, mimi sina maneno. Mleteni Mzee Onesphory apime!" Mpaka leo sijui kama alikuwa jasiri au mjinga. Naelekea kwenye mjinga. Nadhani hata yeye hakujua alichobeba.

Mama alikuwa amekodi shamba la ekari mbili. Baba alikwenda machimbo ya Mererani nilipokuwa na miaka mitano na hajatuma hata salamu, kwa hiyo shamba lile ndilo lilikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Ili apate mbolea aliuza mtamba wake, mmoja tu aliyekuwa naye, aliyekuwa karibu kupandwa. Alishikilia fedha ile kwenye kitenge siku nne, hataki kununua kwa mtu yeyote. "Nasubiri kaka apime," aliwaambia majirani. "Kaka akisema ndiyo, nanunua."

Kwa mjomba kulikuwa na shida. Maji ya betri yalikwisha. Alimwomba mkuu wa shule, mkuu akamjibu, "Maji ya betri? Shule hii ina gari gani?" Walimu wakacheka. Tindikali nayo ilikuwa imebaki kidogo chini ya chupa.

Hapa inabidi niseme jambo la watu wetu. Sisi tunaamini maji ya mlima Hanang ni safi kuliko maji yote duniani. Mgonjwa anapelekewa dumu la maji ya mlima. Mtoto akibatizwa, bibi anahakikisha ya chemchemi yamo kwenye beseni. Ndugu akirudi kutoka mjini, kabla ya shikamoo anaomba kikombe. Meno yetu ni kahawia, tunajua ni maji, na bado tunayaita safi. Mjomba Onesphory aliwacheka waliokwenda mlimani kuomba mvua, akawacheka walioombea mvua kanisani, akawacheka na wataalamu wa redio waliotabiri mvua. Lakini kila Jumamosi alikwenda chemchemini na dumu lake mwenyewe. "Maji yaliyochujwa na mlima mzima," alisema, "yachujwe na nani tena?"

Siku niliyouliza swali langu pale mlangoni, dumu hilo lilikuwa miguuni pake. Kesho yake tukaenda kijijini.

Upimaji ulifanyika kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, mchana wa gulio, jua kali. Watu walijaa mpaka juu ya kuta. Mama alisimama mbele na kitenge chake kimekunjwa kifuani. Mjomba alipanga vyombo kwenye meza ya mwenyekiti. Mtu mmoja akauliza, "Mzee, leo hatuanzi na ule mfupa?"

"Mfupa mliuona mwaka jana," akasema mjomba. "Sikuja hapa kuwapikia supu."

Akaweka mbolea ya Renatus. Akamimina maji ya mlima. Tindikali akaidondosha kwa kuihurumia, matone mawili, kana kwamba ni mafuta ya kula. Halafu molibdeti.

Njano ikaja.

Ilikuja taratibu, ikaenea yote, njano nzuri inayopitisha mwanga. Mjomba akainua testi tyubu juu ya kichwa kama padre. "Mgeni yumo ndani!" Watu wakapiga kelele. Renatus akavua miwani, mara ya kwanza maishani mwake nadhani.

Mwantumu alikuwa pale gulioni na kanga zake begani. Akasogea mpaka mezani. "Mzee, shikamoo. Samahani nikuulize. Ile ya mfupa dukani kwetu ilikuwa nzito, ikashuka chini kama unga. Hii mbona naona vidole vyako upande wa pili? Mbona imekaa kama chai ya rangi?"

Mjomba akamtazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mama, wewe uza kanga. Umevuliwa nguo mwaka jana, sasa unataka kutuvua na sisi? Njano ni njano."

Kicheko kililipuka. Mama yangu alicheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu nilikuwa mpwa wa mwenye testi tyubu. Mwantumu akapanga kanga zake upya begani akaondoka.

Mama alinunua mifuko miwili siku hiyo hiyo.

Alipanda kwa kamba na kwa vipimo, mbolea chini, udongo kidogo, mbegu juu, kama mjomba alivyomwelekeza kwa mkono wake. Mvua ilinyesha vizuri. Mahindi yaliota, yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakagoma hapo. Halafu yakageuka zambarau. Majani yote, ekari mbili, zambarau ya vazi la padre wakati wa Kwaresma, na ilikuwa Kwaresma kweli. Nilikuwa nasimama pale nikitoka shuleni natazama. Lilikuwa shamba zuri sana kwa macho. Halikuwa na kitu.

Bwana Shamba alipita na pikipiki. Hakuizima. Alitazama shamba kwa sekunde labda kumi, mguu mmoja chini, akasema, "Baridi hiyo," akaenda zake. Huyo mtu alisomeshwa kwa kodi, na zambarau ni rangi ya mahindi yaliyokosa fosfeti.

Mjomba alikuja siku ya tatu. Aling'oa mche mmoja, akatazama mizizi iliyokuwa mifupi kama ndevu za mvulana, akautia mfukoni mwa koti. Akaanza kuondoka bila kuaga. Mama alimfuata mpaka barabarani, nami nyuma yake.

"Kaka, ni nini?"

Mjomba hakusimama.

"Kaka Onesphory. Niambie tu ni nini."

"Mlipanda vibaya," alisema.

Alisema hivyo kwa mtu aliyepanda kwa kamba aliyoifunga yeye mwenyewe. Mama alisimama barabarani mikono imening'inia. Nilimsubiri alie au atukane. Alirudi shambani akapalilia zambarau ile mpaka mwisho wa mstari, na mimi siku hiyo nikaanza kumdharau mjomba wangu. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii, na nilikuwa nimefundishwa na bingwa.

Tulivuna gunia lisilojaa, zaidi magunzi. Tulikwenda kula viazi vya bibi kule Daudi mpaka mwezi wa saba. Wengine kijijini walipata kidogo zaidi, wengine hawakupata. Walipomfuata Renatus, alijibu kwa Kiswahili chake cha redioni, "Ndugu zangu, mbolea ilipimwa na mtaalamu wenu wenyewe, mbele ya macho yenu." Wakaona ni kweli. Miezi michache baadaye wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, kwa kunyoosha mikono. Nilihesabu mikono ile nikiwa juu ya ukuta. Ilikuwa mikono ile ile iliyopanda.

Mjomba wakampa jina, Mzee Njano. Watoto walimpigia kelele njiani, "Njano hiyooo!" Yeye ambaye zamani angewajibu mpaka bibi zao wajisikie vibaya kaburini, alipita tu. Alilishusha tenga darini. Sanduku akalifunga. Baada ya miaka miwili aliacha kazi shuleni akahamia Hirbadaw, akafuga mbuzi na ng'ombe wachache. Kwetu alikuja mara moja tu, mwaka 2008. Alikuja na mtamba mwekundu kwa kamba, akamfunga kwenye nguzo ya jiko.

"Huyu ana tabia mbaya," alimwambia mama. "Ananivunjia zizi. Fuga wewe uliyezoea watu wabaya."

Akanywa chai, akaondoka. Mama alisema kaka amezeeka, ameingiwa na huruma. Mimi nikasema amezeeka tu.

Mwaka huu, 2011, niko kidato cha nne. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mazoezi ya vitendo ya kemia, na mwalimu wetu, kijana anayesoma kutoka kwenye kitabu huku akishika simu kwa mkono mwingine, akaandika ubaoni kipimo cha fosfeti. Tindikali, pasha moto, molibdeti. "Njano ikitoka, andikeni fosfeti ipo."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama kilicholeta njano ni maji yenyewe?"

"Imakulata, mtihani wa taifa hauulizi hayo."

Darasa likacheka. Wacheke. Walipotoka kwenda kula nilibaki. Nilijaza testi tyubu maji ya bomba, ambayo kwetu yanashuka moja kwa moja kutoka mlimani. Sikuweka kitu kingine chochote, si mbolea, si jivu. Nikadondosha tindikali matone mawili tu, kama mjomba alivyoihurumia siku ile. Halafu molibdeti. Nikasubiri.

Njano ikaja. Taratibu, ikaenea yote, inapitisha mwanga. Niliweka vidole vyangu nyuma ya kioo nikaviona vyote vitano.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilikuwa naisikia sauti ya Mwantumu: mbona imekaa kama chai ya rangi?

Kwenye kabati la maabara kuna kitabu cha zamani cha kidato cha sita, kimeliwa na mchwa upande mmoja. Kilikuwa na mistari miwili tu kuhusu jambo hili. Kilisema molibdeti inaweza kumzunguka mgeni mwingine, silika, kitu cha mawe, ambacho hujaa kwenye maji ya milima ya volkano. Ila njano yake haishuki chini, inabaki majini inapitisha mwanga, na ukiweka tindikali ya kutosha inazuilika. Mistari miwili. Ekari mbili za mama yangu ziliingia kwenye mistari miwili.

Jumamosi niliziba ile testi tyubu kwa gunzi nikaenda Hirbadaw kwa miguu. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa na maneno makali sana. Niliyarudia kwa sauti nikiwa peke yangu barabarani, na nilijipongeza. Nilitaka kumwambia kwamba mwanamke muuza kanga alikuwa na macho na yeye alikuwa na mdomo. Nilitaka aulizwe na mtoto, mbele ya mbuzi wake, yeye na mbuzi wanatofautiana nini.

Nilimkuta anakamua. Amekonda. Shati lina kifungo kimoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umerefuka. Akili je?"

Nilimnyooshea testi tyubu. Aliacha chuchu za ng'ombe, akajifuta mikono kwenye suruali, akaipokea na kuiinua kwenye jua. Aliigeuza mara moja. Hakuuliza ina nini.

"Maji ya bomba?" alisema.

"Maji peke yake."

"Matone mangapi ya tindikali?"

"Mawili."

Akaketi kwenye kigoda. Ng'ombe alimgeukia kuona kwa nini kazi imesimama. Yale maneno yangu yote niliyoyabeba njia nzima yalikuwa bado mdomoni, lakini niligundua kwamba hakuwa ameshangaa hata kidogo.

"Ulikuwa unajua," nilisema.

"Siku ile ile. Nilitoka shambani kwa mama yako na mche mfukoni, nikaenda moja kwa moja maabara, nikapima maji peke yake. Ilikuwa hivi hivi." Akaitikisa kidogo njano ile. "Kipimo cha kwanza kabisa anachofanya mtu mwenye akili ni maji yake mwenyewe. Niliwaona wale wataalamu wa ngano wanafanya kila asubuhi. Nilidhani wanapoteza muda. Na mdomoni mwangu nina meno kama haya," akafunua midomo, kahawia tupu, "halafu nasimama mbele ya watu nasema maji ya mlima hayana kitu."

"Na mama ukamwambia amepanda vibaya."

"Nilimwambia hivyo barabarani, kabla sijapima. Baada ya kupima ningerudi nimwambie. Sikurudi." Alitazama zizi. "Mwaka wa kwanza niliona aibu. Wa pili nikajiambia wote ni wajinga, wakijua au wasipojua ni sawa. Wa tatu nikaanza kutafuta mtamba."

Nikamwona kichwani mwangu yule mtamba mwekundu kwenye nguzo ya jiko letu, ambaye sasa ana ndama wawili. Mama bado anasema ni huruma.

"Utakwenda kumwambia?"

"Nilikuwa nasubiri aje mtu anitukane kwanza. Wewe umekuja unaniangalia tu." Akasimama, akachukua ndoo ya maziwa, akanipa mimi nibebe, akachukua fimbo na koti lililokuwa kwenye mti wa zizi. "Twende. Tupitie Katesh kwanza, dukani kwa Abdillah. Yule mama naye ana madai yake kwangu."

Alitembea mbele yangu mpaka tukaiona barabara kubwa. Alikuwa bado ameishika ile testi tyubu, gunzi juu, anaibeba kama mtu anavyobeba yai. Karibu na daraja alisimama, akanigeukia.

"Uliniuliza swali pale mlangoni," alisema. "Ulikuwa mdogo hivi. Nikakutukana."

"Nakumbuka, mjomba."

"Halijui. Tenga linamfungia yeyote anayeenea ndani yake. Kujua ilikuwa kazi ya mwenye tenga, na siku ile mwenye tenga alikuwa anamcheka Mwantumu."